Ripoti ya GAO ya kulinda wanadiplomasia nje ya ubalozi: nimeisoma yote, walinzi wenzangu wa Mwanza ipakueni

Wakuu habari za kazi. Mimi ni supavaiza wa walinzi huku Mwanza, malindo yangu mengi yako Capri Point na Isamilo, nyumba za wageni, ofisi za mashirika na hoteli mbili tatu za pembeni ya ziwa ambako watu wa balozi wakija Kanda ya Ziwa ndiko wanakolala. Sasa kuna ripoti moja ya wakaguzi wa serikali ya Marekani, GAO, namba yake GAO-05-642, ya Mei 2005, inaangalia jinsi Wizara yao ya Mambo ya Nje inavyowalinda maofisa wake na familia zao dhidi ya magaidi wakiwa nje ya ubalozi. Ni bure kabisa, unaingia tovuti ya GAO unaandika hiyo namba faili linashuka, hamna kujisajili hamna kulipia. Ni ya zamani ndio, ila kwa kazi yetu naiona bora kuliko semina nyingi tunazochangishwa hela halafu unarudi na cheti na soda, kwahiyo acha niieleze vizuri.

GAO ni kama CAG wetu, Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, ila wao wako upande wa Bunge lao, ofisi ipo tangu 1921. Wanakagua wizara, wanaandika rasimu, na hiyo rasimu wanaipeleka kwa wizara iliyokaguliwa isome na ijibu kabla haijatoka. Barua ya majibu inachapishwa huko nyuma ya ripoti hiyohiyo, na pale wakaguzi wanapoona jibu halijatosha wanaandika na wao chini yake. Wale mnaofuatilia ripoti za CAG, ambazo Machi zinaenda kwa Rais na Aprili zinaingia bungeni, mnajua ile sehemu ya majibu ya menejimenti chini ya kila hoja, basi ni mtindo huohuo. Kwangu mimi hicho ndicho kinachofanya ripoti iwe na thamani, maana unamsikia aliyekagua na aliyekaguliwa kwenye kitabu kimoja, sio mtu mmoja analalamika peke yake. Na kwenye tovuti kila pendekezo linawekewa alama kama limetekelezwa au bado, hata miaka ikipita unaweza kurudi ukaangalia.

Hoja yenyewe sasa. Wanasema tangu 1968 maofisa wa balozi 32 walishambuliwa na magaidi wakiwa nje ya ubalozi na 23 kati yao walikufa. Yaani nje ya ukuta, nje ya geti, kwenye gari, mlangoni kwao. Na wanaeleza kwamba kadri balozi zinavyojengwa kama ngome ndivyo adui anavyohamia sehemu laini, nyumbani, shuleni, kwenye nyumba za ibada. Mfano unaojulikana ni Laurence Foley wa USAID, shirika la misaada la Marekani, Oktoba 2002 pale Amman, Jordan, asubuhi anatoka nyumbani kwake anaelekea kwenye gari yake akapigwa risasi hapohapo nje. Kabla yake 1995 Karachi, Pakistan, gari la ubalozi mdogo wa Marekani liko barabarani asubuhi watu wanaenda kazini, wakauawa wawili. Ukiangalia hizo mbili utaona kitu kilekile, asubuhi, njia ya kila siku, muda wa kila siku. Mtu aliyekuwa anawavizia hakuhitaji kujua siri yoyote, alihitaji kukaa na kuangalia tu siku kadhaa.

Hapa ndipo ripoti inapouma kwelikweli. Kulikuwa na uchunguzi mara tatu, wa wizara yenyewe, baada ya mashambulizi ya aina hiyo, na zote tatu zikasema kitu kimoja: hawa maofisa hawakuwa wamepata mafunzo ya vitendo ya kukabiliana na shambulio, wapewe, na uwekwe utaratibu wa kumwajibisha mtu anayepuuza taratibu za usalama wake mwenyewe. Kila mara wizara ikaliambia Bunge kwamba itatekeleza. Wakaguzi wakaenda kuangalia wakakuta kozi ya vitendo bado sio lazima, uwajibikaji haujasimama vizuri, na hata baadhi ya maofisa muhimu wa ubalozi wanaotakiwa kusimamia taratibu hizo hawajafundishwa jinsi ya kuzisimamia. Mara tatu! Nilipofika hapo niliweka simu chini kwanza. Hii ni wizara ya nchi yenye hela kuliko wote duniani, na watu wao wenyewe ndio wamekufa, halafu kinachokwamisha ni kilekile tunachokijua huku, ahadi imeandikwa vizuri, imesomwa kikaoni, imepigiwa makofi, ikawekwa kwenye faili.

Kipande cha makazi ndicho nilichokisoma taratibu kuliko vyote kwa sababu ni kazi yetu sisi. Wakaguzi wanasema wazi kwamba mpango wa kulinda nyumba za maofisa, wenye vifaa vya msingi vya ulinzi pamoja na walinzi wa nchi husika, umetengenezwa hasa kuzuia wizi na uhalifu wa kawaida, kwa ugaidi unasaidia kidogo tu. Na maofisa wa wizara wenyewe ndio waliowaambia hivyo. Kwenye vituo walivyotembelea wapo waliojiongeza, wakapunguza idadi ya maofisa wanaokaa jengo moja, wengine wakaweka timu za kuangalia kama kuna mtu anawapeleleza mitaani kwenye nyumba wanazokaa.

Sasa njoo Mwanza. Muangalie mlinzi anavyokagua gari getini hoteli yoyote ya ufukweni. Anashika kile kioo cha mpini mrefu cha kuangalia chini ya gari, kina vumbi, kimepasuka pembeni, anakipitisha mara moja upande wa dereva, upande wa pili hafiki, akiona aliyekaa nyuma amevaa suti buti halifunguliwi, geti linafunguka saluti inapigwa. Simlaumu kijana, amefundishwa kumtafuta mwizi wa televisheni na kuhakikisha gari haitoki na mashuka ya hoteli. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kuna mtu anaweza asiibe chochote, akaja mara nyingi tu kuangalia geti linafunguliwa saa ngapi na nani anatoka na gari gani. Hilo ndilo ripoti inalisema kwa lugha ya kikaguzi na ndilo nimekuwa nikiwaambia mabosi siku zote.

Nina kijana lindo moja la Capri Point, yeye kwenye daftari la matukio ameanza kuandika na vyombo vya usafiri vinavyosimama nje muda mrefu bila mtu kushuka, namba, rangi, saa ya kuja, saa ya kuondoka. Ukifungua kurasa zake unakuta bajaji moja ya bluu inajirudia, saa moja kasoro asubuhi, saa kumi na mbili jioni, inasimama palepale chini ya mwembe. Tulivyofuatilia kumbe dereva anamsubiri mwanafunzi wa nyumba ya jirani, kazi halali kabisa. Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe! Kalamu, daftari na macho, haihitaji kamera ya mamilioni.

Kuhusu shule nitasema kwa kifupi, Bunge lao lilitenga dola milioni 29.8 kwa miaka ya fedha 2003 na 2004 kwa ajili ya hizo sehemu laini, hasa shule, ila maofisa usalama wa vituoni wenyewe hawakuwa na uhakika ni shule zipi zinaingia kwenye awamu ya tatu ya huo mpango wa kuimarisha ulinzi wa shule. Hela ipo, maelekezo hayajanyooka.

Haya, niliponyima nyota. Ripoti nzima inamwangalia ofisa wa Marekani na familia yake, sawa, ndiyo kazi waliyotumwa, ila mlinzi wa getini anatajwa pamoja na vifaa tu, kama sehemu ya ulinzi, sio kama mtu ambaye na yeye risasi inamfikia, tena inaanza kwake. Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani pale Dar ulipolipuliwa kwa bomu walikufa watu 11, Mmarekani hakuwepo hata mmoja kati ya waliokufa, na walinzi wa getini walikuwa miongoni mwa waliokufa. Lile gari la bomu halikuingia ndani kwa sababu boza la maji la ubalozi lilikuwa limesimama pale getini. Nairobi, ubalozi wao uliolipuliwa siku hiyohiyo, walikufa 213, Wamarekani 12, waliobaki karibu wote ni Wakenya, watu wa ofisini na wapita njia. Mwaka 2008 Khartoum akauawa John Granville wa USAID usiku wa mwaka mpya, na dereva wake Msudani akafa naye ndani ya gari hilohilo. Agosti 2021 pale karibu na ubalozi wa Ufaransa Dar, mtu mwenye bunduki aliua polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Mlinzi kama mimi na wewe. Mafunzo ya vitendo ambayo wakaguzi wanayadai kwa nguvu yawe lazima kwa maofisa, nilitamani sana waseme na huyu wa getini apewe japo siku chache.

Na msiseme haya ni mambo ya Dar na Nairobi, huku ziwani hayatuhusu. Meli ya MV Bukoba ilivyozama Mei 21, 1996, kati ya mamia waliokufa alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda, anasafiri kama abiria wa kawaida pamoja na ndugu zetu ambao wengi wamelala makaburini pale Igoma. Wenzake wakaja mpaka huku kuulizia kama kweli amekufa. Miaka miwili baadae yakalipuka hayo mabomu ya al-Qaeda ya Dar na Nairobi. Watu kama hao wanaweza kupita bandari yetu, wakala kwenye hoteli zetu, wakalala kwenye gesti zenye walinzi na madaftari ya wageni, ndio maana nasema daftari la wageni likiandikwa jina moja tu na saini ya kuvuta, hilo sio daftari.

Upungufu mwingine ni lugha, kiingereza chake ni cha kiserikali kizito, sentensi ndefu, kijana wa form four atachoka ukurasa wa pili. Na ukitaka kujua yaliyofuata inabidi utafute nyingine, 2015 GAO walirudi tena kwenye makazi, shule na sehemu laini kwa ripoti namba GAO-15-700, miaka kumi baadae na hoja bado zipo. Hiyo pia ni ya bure, nashauri msome kwa kufuatanisha.

Mimi naipa nyota nne kati ya tano. Meneja wa hoteli, mwenye kampuni ya ulinzi, mkuu wa shule inayosomesha watoto wa wageni, hata dereva wa msafara, itawafaa. Kwa mlinzi wa kawaida inabidi mtu amsomee, na ndicho ninachofanya sasa jioni kwenye paredi kabla vijana hawajaingia lindo, tunachukua kipande kidogo, nakigeuza Kiswahili, tunakijadili wima hivyohivyo. Tumeanza na cha makazi kwa sababu ndicho chao, cha mafunzo kinafuata. Kile cha majibu ya wizara nimekiacha kwa mabosi, na nimekichapa kabisa kwenye karatasi wakisome, kwa sababu maombi yangu ya vioo vipya na mafunzo ya walinzi bado yako mezani kwao.