Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga: usimwambie bodaboda "Mkwawa" tu

Ukiwa Iringa mjini ukasema "nipeleke Mkwawa", usishangae kushushwa kwenye geti la chuo, kile chuo kikuu kishiriki cha elimu ambacho tangu 2005 kiko chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sema "Kalenga, makumbusho". Ni kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ukiwa na pesa ya boda, patana kwenda na kurudi kabisa, pamoja na muda wa kusubiriwa.

Jengo ni dogo. Anayetarajia makumbusho ya Posta, Dar es Salaam, atatoka baada ya dakika kumi akinung'unika. Kuna mikuki, ngao, marungu, na kilichowaleta wengi: fuvu ndani ya kabati la kioo, linaloonyeshwa kama la Mkwawa, Mtwa (chifu) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Hapo usikimbilie simu. Omba ruhusa kwanza, kwa sababu hayo ni mabaki ya babu wa watu, na ukoo wake upo.

Mwachie mwongozaji aeleze, na umuulize fuvu lilitambuliwaje. Wajerumani walilichukua, na Mkataba wa Versailles wa 1919, wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Halikurudi hadi 1954, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulichagua katika makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa zake na kuangalia tundu la risasi. Ndiyo maana wapo wanaohoji kama ndilo lenyewe. Swali hilo lina uzito kuliko mikuki yote iliyomo humo. Bila hilo ziara inapwaya.

Kingine kinachowachanganya wageni ni majina. Aliyejipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ni Mtwa Mkwawa, ambaye wazee wa Kihehe humwita Mkwava, kifupi cha Mkwavinyika. Sapi Mkwawa ni mwanawe. Adam Sapi Mkwawa, Spika wa Bunge kwa miaka mingi kuanzia 1962, ni mjukuu. Makaburi ya hawa wawili yako hapo hapo Kalenga, jirani na makumbusho, na wengi huondoka bila kuyaona kwa kutouliza tu.

Kaburi la Mtwa mwenyewe haliko Kalenga. Liko Mlambalasi, mbele zaidi kwenye njia hiyo hiyo, yapata kilomita 50 kutoka mjini, na unachepuka kuingia barabara ya vumbi. Kwa hiyo anza Kalenga asubuhi, Mlambalasi ifuate, ubebe maji ya kunywa.

Lugalo, ambako Wahehe walimuua kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake Agosti 1891, usiichomeke kwenye safari hiyo: iko upande mwingine kabisa, barabara kuu ya Dar es Salaam. Na ukiuliza njia ukiwa Dar, utaelekezwa kambi ya jeshi, iliyopewa tu jina la vita hivyo.