Rangi na tochi ya UV: hatimaye nimejua IST yangu ilikuwa inavuja wapi

Niliipeleka Toyota IST yangu gereji kubadilisha sivi jointi ya kulia (kiungo cha shafti inayozungusha tairi), maana ilikuwa inagonga kila nikikata kona. Kugonga kuliisha siku hiyohiyo. Asubuhi yake nikakuta tone kwenye pevingi, upande wa dereva, nyuma kidogo ya tairi la mbele. Nilidhani ni maji ya AC. Nikaligusa, linateleza, na kwenye tishu likaacha doa la kahawia lenye wekundu kwa mbali. Maji ya AC hayaachi doa.

Nikarudi gereji. Fundi akachungulia akasema, "Dada, hii oili ya injini, gasketi ya tapeti kava imechoka," yaani mpira wa kifuniko cha juu ya injini. Tukabadilisha, matone yakaendelea. Fundi wa gereji nyingine akalaumu sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, akaifungua na kuipaka silikoni upya. Siku tatu pakavu, ya nne tone hilo hapo. Nilishatoa zaidi ya laki moja, na hofu ilikuwa imeniingia, kwa sababu kila siku naendesha Tabata mpaka Kibaha na kurudi.

Kijana wa duka la spea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ndiye aliyeniuzia hiki kifaa, shilingi 38,000. Ndani ya boksi kuna chupa mbili ndogo za rangi, tochi ya UV na miwani ya njano. Unamimina rangi kwenye oili, unaendesha gari ili izunguke, kisha unamulika kwa tochi. Oili inapotokea panang'aa kijani kama ndimu changa.

Chupa ya kwanza niliiweka kwenye injini. Kabla ya hapo nilisafisha chini kote kwa brashi na spreyi ya kusafishia breki, na msiiruke hatua hii, kwa sababu oili ya zamani itawachanganya. Nikaenda Kibaha na kurudi. Usiku nikazima taa za nje, nikavaa miwani, nikamulika. Chini pameshalowa tena, lakini hakuna kinachong'aa hata kidogo. Nilikaribia kulia, nikaona nimetupa hela. Nilipotulia ndipo nikaelewa: kama palipolowa hapang'ai, basi ile si oili ya injini kabisa. Gasketi na silikoni vyote nilivilipia bure.

Kesho yake nikapima oili ya gia boksi, injini ikiwa ya moto na inaunguruma. Kwenye kijiti ilikuwa chini ya alama. Nikaongeza oili ileile inayotakiwa, nikamimina chupa ya pili kupitia bomba la kijiti, nikasafisha tena, nikaendesha. Usiku gari likiwa juu ya stendi (tafadhali msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake) nikaiona. Uzi mwembamba wa kijani, mwembamba kweli, ulianzia pale shafti ya kulia inapoingia gia boksi, ukateremka, ukasambaa mpaka ukingo wa sampo. Upepo wa barabarani ulikuwa unausukuma. Ndiyo maana kila fundi aliyechungulia aliona sampo imelowa akaishia hapo. Tafuteni sehemu ya juu kabisa iliyolowa, siyo linapodondokea tone.

Oili sili, ule mpira unaozuia oili isitoke kandokando ya shafti, ndiyo iliyokuwa imechanika. Shafti ikichomolewa na kurudishwa bila uangalifu, meno yake yanakwaruza mdomo wa mpira wa sili, tena kama mpira wenyewe umeshakauka ndiyo basi. Ilitakiwa ibadilishwe siku ileile ya sivi jointi. Nilimwonyesha fundi wa kwanza picha ya ule uzi. Akanyamaza, kisha akasema, "Niletee sili, dada, ufundi sikudai." Sili nilinunua elfu kumi na mbili.

Kasoro zipo. Tochi ni dhaifu, mchana huoni kitu, na bila ile miwani hata usiku unabahatisha. Maelekezo ni ya Kiingereza na Kichina, herufi ndogo mno. Rangi inang'ang'ania vidoleni siku mbili. Na baada ya matengenezo safisheni tena ule ukijani wa zamani, la sivyo mtadhani bado panavuja. Mimi nilishtuka hivyo hivyo.

Chupa hizi ni za oili tu. Ya kulanti (maji ya kupoozea injini) ni nyingine, inayochanganyika na maji, kwa hiyo soma chupa kabla hujalipa. Na kama kinachodondoka ni cheupe kama maji au cha njano karibu na gurudumu, na breki imelegea, usihangaike na rangi wala tochi: hiyo huenda ni fluidi ya breki, usiliendeshe gari, mwite fundi aje lilipo gari.

Nimeweka katoni chini ya gari kila usiku, leo ni wiki ya tatu. Kavu. Kifaa nakipa nyota nne, ya tano kimeikosa kwa sababu ya ile tochi.