Sanduku la bundi la plaiwudi: umbo zuri, tundu limekosewa

Sanduku hili huuziwa wakulima wa mahindi na mpunga wanaotaka bundi wa uso mweupe (Tyto alba) awapunguzie panya shamba. Plaiwudi ya milimita 12, sakafu ya sentimita 60 kwa 40, kimo sentimita 65, na mlango wa bawaba nyuma wa kusafishia. Hapo seremala amepatia. Bundi hajengi kiota, hutaga juu ya sakafu tupu, kwa hiyo usihangaike kumtandikia majani.

Tundu ndilo balaa. Limetobolewa sentimita 10 kutoka sakafuni, kama la njiwa. Bundi huanza kuatamia mapema na hutaga kila baada ya siku mbili tatu, hivyo makinda hupishana umri: mkubwa ameshaota manyoya ya mabawa, mdogo bado ni donge la malaika. Mzazi akitua na panya, wote hukimbilia tunduni wakisukumana. Anayeanguka kwa kawaida ndiyo basi, maana wazazi hawashuki kumlisha chini. Tena mifupa na manyoya wanayoyatapika kwa vitonge hulundikana, sakafu ikapanda, tundu likazidi kuwa karibu. Toboa jipya la sentimita 13, ukingo wake wa chini uwe sentimita 45 juu ya sakafu. La zamani lizibe kwa ubao na skrubu, misumari hulegea. Kijiti cha mbele king'oe, kinamfaa kunguru tu.

Paa nalo limeishia sawasawa na ukuta. Manyoya ya bundi ni laini na ukingo wa mbele wa bawa una meno kama kitana, ndiyo maana haruki kwa kelele, lakini hulowa upesi. Ongeza paa litokeze sentimita 15 na uelekeze tundu kinyume na upepo wa mvua.

Nguzo iwe ya mita 4 au zaidi, ivishwe bati katikati paka asipande. Sanduku liweke mbali na mashine ya kusaga: bundi huwinda kwa masikio, moja limekaa juu kuliko jingine, nayo makelele humpotezea panya. Majirani wanaomwona bundi kuwa ni uchuro waelezwe kabla nguzo haijasimama, la sivyo sanduku litapigwa mawe.

Na sumu ya panya ya kuzuia damu isigande iondoke shambani kabisa. Panya aliyeila huzubaa siku kadhaa kabla ya kufa, na huyo ndiye bundi anayemkamata kwanza.