Rauta Hukaa Panapotaka Mnara: Uzoefu Wangu wa Kuvuta Intaneti Hadi Nyumba ya Uani, Uyole

Tunakaa Uyole, si mbali na njia panda ya kwenda Tukuyu. Nyumba kubwa ni ya tofali za kuchoma, bati juu. Nyuma yake kuna banda la jiko lililozungushiwa mabati, halafu nyumba ndogo ya uani yenye vyumba viwili. Chumba kimoja anakaa mama yangu mzazi, tuliyemleta kutoka Rungwe baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Cha pili anakaa mdogo wangu wa kiume, anasoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga. Hao wawili ndio wanaoihitaji intaneti kuliko mtu mwingine yeyote hapa nyumbani, na kwa karibu mwaka mzima ndio waliokuwa wakiikosa, wakati mimi nalipia kifurushi kila mwezi bila kuruka.

Naandika kwa sababu najua nyumba nyingi za hapa Mbeya zimejengwa hivihivi, na nilipokuwa nahangaika sikupata mtu wa kunieleza mpangilio mzima kwa Kiswahili.

Intaneti yetu ni ya rauta inayotumia laini ya simu. Tulipoileta tuliiweka kwenye kabati la TV, kwa kuwa hapo ndipo penye soketi. Nafikiri wengi hufanya hivyo. Kasi ilikuwa megabiti 5 au 6 kwa sekunde, jioni inashuka zaidi, nami nikaamini kifurushi ndicho kibovu. Siku moja nikaingia kwenye mipangilio ya rauta kupitia simu, nikakuta ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani. Umeandikwa RSRP, na namba yake ni ya hasi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa mazuri. Pale kabatini ilisoma -112. Nikachukua ekstensheni ndefu, nikaishika rauta mkononi kama taa ya chemli, nikazunguka nayo chumba kwa chumba huku baba watoto akinisomea namba. Kwenye dirisha la sebule linalotazama barabara ikasoma -97.

Tofauti ya 15 inaonekana ndogo ukiitazama hivi. Lakini kwenye kipimo hiki kila 10 ni nguvu mara kumi, kwa hiyo pale dirishani rauta inapokea zaidi ya mara 30 ya ilichokuwa inapokea kabatini. Tukaipigia kishubaka cha mbao pembeni ya dirisha. Kasi ikapanda hadi megabiti 22, kifurushi kilekile, laini ileile. Sikutoa hata shilingi zaidi ya msumari na mbao. Kama una rauta ya laini na hujafanya zoezi hili, lifanye kwanza kabla hujanunua chochote.

Hapo ndipo shida ya pili ilipojitokeza. Dirisha linalopendwa na mnara liko mbele kabisa ya nyumba, na wenye uhitaji wako nyuma kabisa. Katikati kuna kuta tatu za tofali za kuchoma, halafu lile banda la mabati. Tofali hupunguza mawimbi ya waifai, bati huyarudisha yalikotoka. Chumbani kwa mama simu ilikuwa inashika waifai ukisimama mlangoni tu, na mtu mwenye nyonga mbovu huwezi kumwambia asimame mlangoni.

Nikashauriwa kununua repita, kifaa kinachopokea waifai ya rauta na kuitangaza upya. Nilinunua sokoni Mwanjelwa kwa shilingi 45,000, sitataja aina yake kwa kuwa ninaamini kosa halikuwa la kifaa bali la mahali nilipokipeleka. Kuichomeka na kuiunganisha ni dakika tano. Simu zote za uani zikaonyesha mawimbi yamejaa, tukafurahi. Furaha ilidumu mpaka jioni.

"Dada, waifai imejaa lakini kipindi cha mwalimu kinazunguka tu," mdogo wangu akaniambia.

Nikapima: megabiti 2 na nukta, wakati mwingine chini ya 1. Mama naye alikuwa akiongea kwa video na mjukuu wake aliyeko Dodoma. Anamsalimia "Ugonile," picha inaganda, anarudia, anarudia tena, halafu "Ndaga" ya mtoto inakuja wakati mama keshaanza kuuliza habari za shule. Akaniuliza kama mtoto hataki kuongea naye. Swali hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nitafute suluhisho la kweli.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Ile alama ya mawimbi kwenye simu inakuonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na repita, haikuonyeshi repita yenyewe inapata nini kutoka kwenye rauta. Repita ikiwa chumbani kwa mama inapokea mawimbi yaliyokwisha kuchoka, kisha inayatangaza kwa sauti kubwa. Juu ya hapo, repita za bei ya chini hupokea na kutuma kwa wimbi lilelile, kwa zamu, hivyo kasi inakatika nusu hata pale mapokezi yanapokuwa mazuri. Ningeweza kuisogeza iwe katikati, lakini katikati yangu ni banda la jiko: moshi, mvuke, na hakuna soketi.

Kinachohitajika ni waya. Waya haujali tofali wala bati. Waya wa mtandao wa kawaida, Cat 5e, unabeba intaneti hadi mita 100 bila kupunguza kasi, nasi kutoka dirishani hadi uani kwa kuzungukia ukutani tulihitaji mita 32 tu. Mwisho wa waya unaweka rauta ya pili inayogawa waifai upya hukohuko. Mimi nilinunua TP-Link TL-WR840N, yenye antena mbili, kwa shilingi 52,000. Si kifaa cha kisasa. Inatumia wimbi la gigahezi 2.4 tu na matundu yake yanaishia megabiti 100. Lakini intaneti inayoingia kwangu ni 22, kwa hiyo kununua kifaa cha laki mbili ingekuwa kujenga barabara ya njia nne kwenye kijia cha shambani.

Kwenye waya sikubana matumizi. Dukani kulikuwa na wa shilingi 800 kwa mita na wa 1,500. Fundi niliyekwenda naye akachukua kipande cha kila mmoja, akakwangua kwa kisu. Ule wa bei ya chini rangi ya shaba ikatoka na weupe ukabaki: ni alumini iliyopakwa shaba. Wa pili ulibaki mwekundu hadi ndani. Alumini ukiikunja kwenye kona mara mbili tatu inakatika ndani kwa ndani, nje huoni kitu. Nikachukua wa shaba.

Kijana yule alimwamkia mama shikamoo, akaketi barazani, akaanza kufunga vichwa vya waya, vile vya kuchomeka kwenye rauta. Nilikaa naye nijifunze. Unavua ganda la nje kama sentimita mbili, unakuta nyaya nane zimesokotwa mbilimbili. Unazifumua, unazinyoosha kwa kucha, unazipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Unakata ncha zilingane, unasukuma ndani ya kichwa cha plastiki mpaka uone shaba imegusa mwisho, ndipo unabana na koleo. Pande zote mbili mpango uleule.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimheshimu. Alikuwa na kipimo chenye taa nane. Taa zikawaka moja baada ya nyingine: ya 1, ya 2, ikaruka, ya 4, ya 5... Ya 3 ikakaa kimya. Akaeleza kwamba kwa kasi ya megabiti 100 nyaya zinazofanya kazi ni nne tu, ya 1, 2, 3 na 6, na hiyo ya 3 ni mmojawapo. Ingekuwa ya 4 mtandao ungewaka vilevile na wengine wangeuacha hivyo. Akakata kichwa, akarudia, ile nyeupe-kijani ilikuwa fupi kwa milimita moja hivi. Mara ya pili taa zote nane zikapita. Fundi asiye na kipimo usimruhusu aondoke na hela yako.

Waya ulipita chini ya upenu, kisha ukavuka uwanja ndani ya paipu tuliyoifukia futi moja. Yeye alitaka kuutundika juu ya bati la jiko, nikakataa: jua hukausha ganda, na panya wanakaa kule. Usiupitishe pia kwenye paipu moja na waya wa umeme.

Tulipochomeka, hakuna intaneti. Simu inasema imeunganishwa, kurasa hazifunguki. Hapa tulipoteza karibu saa nzima. Rauta ya mbele ilikuwa inajiita 192.168.0.1, na TP-Link nayo inatoka kiwandani ikijiita 192.168.0.1. Rauta mbili, anwani moja, kila moja inataka kugawa namba kwa simu za nyumba nzima. Ni kama nyumba mbili za mtaa mmoja zimepewa namba moja: barua hazifiki. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ile ya pili na kubadili namna yake ya kufanya kazi iwe "Access Point". Hapo inaacha kugawa anwani, inabaki kupokea kwa waya na kutoa kwa waifai, na kazi ya kugawa inabaki kwa ile ya mbele peke yake. Kama rauta yako haina sehemu hiyo, zima DHCP (ndiyo inayogawa anwani), ipe anwani nyingine kama 192.168.0.2, na chomeka waya kwenye tundu la LAN badala ya lile la WAN. Matokeo ni yaleyale.

Nilizipa rauta zote jina moja na neno la siri moja, ili mtu akitoka sebuleni kwenda uani simu ihame yenyewe. Ya mbele iko chaneli 1, ya nyuma chaneli 11, zisigongane. Simu ya mdogo wangu ni ya zamani, huwa inang'ang'ania ile ya mbele mpaka azime waifai na kuwasha tena. Za kwetu wengine zinahama vizuri.

Nikapima chumbani kwa mama: megabiti 21. Gharama yote, waya 48,000, rauta 52,000, vichwa na paipu 15,000, fundi 25,000. Jumla 140,000. Ukiongeza repita iliyolala kabatini, 185,000.

Siku hiyohiyo niliona kwenye orodha ya rauta vifaa 19, na sisi tuna tisa. Watoto walikuwa wamegawa neno la siri kwa rafiki zao nao wakagawa kwa wengine. Nililibadilisha, nikazima WPS (njia ya kuunganisha simu bila kuandika neno la siri), nikawafungulia wageni mtandao wao wenye jina lake. Jambo hili dogo nalo liliongeza kasi ya jioni.

Yapo mawili ambayo sijayamaliza. La kwanza ni radi. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zinakuja na ngurumo nzito, na waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaweza kubeba mshtuko ukaunguza vifaa vya pande zote. Kuufukia hakuondoi hatari. Kwa sasa ngurumo ikisikika kwenye mlima Loleza tunachomoa waya mbele na nyuma pamoja na adapta, na mama ndiye wa kwanza kukumbusha. Ningeanza upya leo, ningeuliza bei ya kuvuka uwanja kwa faiba, yaani waya wa kioo, kwa sababu kioo hakipitishi umeme.

La pili ni kukatika kwa umeme. Mbele nimeweka betri ndogo ya rauta, inashika saa kadhaa. Nyuma bado. Rauta yangu ya mbele inakula volti 12 na TL-WR840N inakula 9, kwa hiyo ukinunua betri soma nyuma ya kila kifaa, na adapta zake usizibadilishane. Umeme ukikatika mdogo wangu anahamia sebuleni na vitabu vyake.

Koleo la kubana nimenunua la kwangu. Vichwa kumi vya akiba na vipande vya waya vilivyobaki vimo kwenye kopo juu ya kabati, na karatasi yenye mpango wa zile rangi nane nimeibandika ndani ya mlango wake.