Uzoefu wangu: seti ya kuvulia klachi ya AC, na beringi mpya ya puli kwenye Toyota IST

Seti hii (kivuta, pamoja na mkono wenye pini wa kuzuia sahani) nimeitumia kwenye IST yenye injini ya 1NZ-FE, na kwa kubadili beringi ya puli inatosha. Kabla ya kuinunua, hakikisha ugonjwa ni huo. Gari likiwa linaunguruma na AC imezimwa, sikiliza: mlio ukiwepo, na ukitoa mkanda puli ikakwaruza au kucheza ukiizungusha kwa mkono, ni beringi. Mlio ukija AC inapowashwa tu, mara nyingi ubovu umo ndani ya kompresa na seti haitakusaidia. Inauma kuona mtu anauziwa kompresa nzima kwa sababu ya beringi.

Gesi haiguswi. Sahani ya klachi, puli na koili (sumaku ya umeme inayovuta sahani ishike puli) vyote vimekaa nje ya sili ya shafti, kwa hiyo fundi akitaka kuitoa gesi kwa kazi hii, mkatalie.

Chomoa hasi ya betri, legeza mkanda kwenye alteneta, inua gari na uliegemeze kwenye stendi. Boliti ya katikati ni ya spana namba 10. Zuia sahani kwa ule mkono wenye pini, usichomeke bisibisi. Sahani ikitoka, tafuta shimu (washa ya kurekebisha nafasi) kwenye shafti au ndani ya sahani. Ni nyembamba mno, na hunata kwenye uchafu. Kisha toa saklipu (pete ya chuma inayozuia puli), puli ifuate. Hapa taya za kivuta zilikuwa nene, ikabidi nizipunguze kwa tupa.

Beringi nunua kwa namba iliyoandikwa juu yake. 35BD5220, kwa mfano, ni tundu mm 35, nje mm 52, unene mm 20. Chukua yenye mpira pande zote mbili; NSK, Koyo, NTN na Nachi naziamini, ila kagua maandishi, bandia ni nyingi. Kama puli imegongwa alama za kuzuia beringi, zisage kwanza. Ingiza mpya kwa jiliwa ukisukuma pete ya nje peke yake. Ukisukuma ya ndani, gololi zinachimba njia yake na mlio unarudi mapema. Puli inaporudi kwenye kompresa, mambo hugeuka: sukuma pete ya ndani.

Koili ipime ikiwa bado wazi. Nyingi husoma kama omu 3 hadi 5. Puli iliyokuwa ikiyumba huweza kuikwaruza hadi ikaungua, na fyuzi ikawa inakatika.

Sehemu inayowashinda wengi ni nafasi kati ya sahani na puli. Kwa klachi nyingi za Denso ni kama mm 0.35 hadi 0.65, ipimwe kwa filageji (vibao vyembamba vya kupimia nafasi) sehemu tatu. Ikizidi, AC itashika asubuhi na kuachia injini ikipata moto, kwa kuwa koili yenye joto huvuta kwa nguvu ndogo. Ikipungua, sahani inaburuza na kuunguza beringi mpya. Ongeza au punguza shimu mpaka ikae sawa. Seti hii haina hata shimu moja, na huo ndio upungufu wake mkubwa.

Mkanda usiukaze kupita kiasi. Ukimaliza, washa na kuzima AC kama mara 20 injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500, nyuso zizoeane, kisha zima, subiri ipoe, upime tena nafasi.