Nililipa Waitangaze Programu Yangu, Wakanigeuza Mkopeshaji

Simu iliita kama saa nne usiku, wiki chache baada ya mimi kulipa watu waitangaze programu yetu mtandaoni. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu hapa Kenya, na nikisema Kenya nina maana ya komini ya Kenya, sehemu ya mji wa Lubumbashi huku Kongo, si nchi ya Kenya. Mlishike hilo, maana balaa lote limepita hapo. Namba ilianza na +254. Nikapokea kwa furaha nikidhani nimepata mteja wa mbali.

"Kaka, habari za usiku. Nimeona mnatoa mkopo bila dhamana."

Nikamwambia hapana mama, sisi hatukopeshi, hii ni programu ya daftari tu. Akaniambia mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, anahitaji shilingi elfu nane, atarudisha mwisho wa mwezi. Nikarudia kwamba hatukopeshi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Kama sijafikia vigezo, kaka, niambie tu ukweli."

Sikulala usiku ule. Na yeye alikuwa wa kwanza tu.

Nieleze kwanza kitu chenyewe. Mimi na mdogo wangu tumetengeneza programu ya simu kwa wenye maduka na depo, yaani maghala ya kuuzia bidhaa. Mteja akichukua mfuko wa unga leo kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, unaandika jina, kiasi na siku ya kulipa. Inashika dola na faranga pamoja, kwa kiwango cha kubadilisha pesa cha siku ile ile aliyochukua mali, kwa sababu hapa kwetu ugomvi wa deni mara nyingi hauko kwenye deni, uko kwenye kiwango. Tuliianza kwa ajili ya mama mmoja mwenye depo karibu na soko. Daftari lake lilikuwa na majani yaliyoshikana kwa mawese, ukilifungua inabidi uyabandue moja moja kwa ukucha, na kila jani lililochanika lilikuwa na pesa ya mtu ndani yake. Leo anatumia simu. Ndiyo maana nilitaka wengine waijue.

Nikaona huduma inayoahidi kukusajilia programu kwenye saraka 200 za mtandaoni, yaani tovuti za orodha ambako watu hutafuta programu, kwa dola 120. Sina kadi ya benki inayokubalika huko, nikamwomba binamu yangu aliye Ubelgiji anilipie, nami nikampa mama yake hizo pesa hapa Lubumbashi. Nikatuma maelezo kwa Kifaransa na Kiswahili, picha za skrini, anwani, namba ya simu. Wakasema wao watapanga kila kitu.

Wakapanga. Kwenye Kiswahili niliandika kwamba programu inamsaidia mwenye duka kufuatilia watu waliokopa. Msomaji wa Kiswahili anajua mtu anakopa unga, anakopa sabuni, anakopa hata kitenge, hakuna benki hapo. Wao wakageuza kwa Kiingereza: programu ya kukopesha pesa. Nembo yetu ina alama ya dola na ya faranga, basi wakaona wamepatia. Halafu kwenye anwani wakakuta neno Kenya, wakafuta Kongo wakaweka nchi ya Kenya. Namba yangu ya +243 wakaiacha vile vile. Yaani kwa macho yao kampuni ya mikopo iko Kenya, inatumia simu ya Kongo, na hakuna mtu hata mmoja aliyejiuliza.

Mjue uzito wake. Kenya ni nchi ambayo watu wamezoea mikopo ya simu, na tangu 2022 Benki Kuu yao ina kanuni zinazomtaka mkopeshaji wa kidijitali awe na leseni. Mimi sina leseni ya kumkopesha mtu hata shilingi moja, na jina langu limekaa kwenye orodha za wakopeshaji. Mtu akidanganywa kesho na tapeli anayetumia jina la programu yetu, atamtafuta nani? Atanitafuta mimi, namba yangu ndiyo iliyopo pale.

Mtasema makosa hutokea, ungesahihisha. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kila saraka ina akaunti yake, na akaunti zote walizifungua kwa barua pepe yao. Nikienda kuomba kubadilisha nenosiri, ujumbe unakwenda kwao. Nikiwaandikia wenye saraka, wanaojibu wananiambia mwenye ukurasa peke yake ndiye anayeruhusiwa kubadilisha. Mwenye ukurasa! Mimi niliyeandika programu usiku na mchana siye mwenye ukurasa. Na wakati ninahangaika na saraka moja, nyingine ndogo ndogo zinanakili kutoka kwake, kosa linazaa watoto.

Waliofanya kazi hii zamani watakumbuka faili la PAD, lililoanzishwa na chama cha waandishi wa programu mwaka 1998. Lile faili ulikuwa unaliweka kwenye tovuti yako mwenyewe. Ndani yake kulikuwa na maelezo ya urefu mbalimbali, kuanzia herufi 45 hadi 2000, na saraka zilikuja kusoma kwako. Ukikosea, unarekebisha sehemu moja, zikija kusoma tena zinachukua maneno mapya. Maneno yalibaki mkononi mwa mwenye kazi. Leo tunalipa ili tunyang'anywe.

Ripoti yao nayo nimeisoma mstari kwa mstari. Kati ya saraka 200, nilizoweza kufungua zikaonyesha ukurasa wetu ni 41 tu. Nyingine zimekufa. Wameandika "imewasilishwa" mbele ya saraka ya zamani ya DMOZ, na DMOZ ilifungwa mwaka 2017! Mbele ya saraka ya Yahoo pia, nayo iliondoka mwisho wa 2014. Waliwasilisha wapi, kaburini? Na ile ahadi yao kwamba viungo vingi vya kuelekeza watu kwenye tovuti yetu vitatupandisha kwenye matokeo ya Google, tangu 2012 Google inashusha tovuti zinazojikusanyia viungo vya namna hiyo. Hilo nililijua, nakiri, lakini nilitaka majina ya saraka nzuri mbili tatu, nikafumba macho kwa zilizobaki.

Nikaingia kwenye gumzo lao la msaada. Nikasubiri karibu saa nzima, mega za intaneti zinaisha, nikanunua nyingine. Akaja mmoja, akinijibu kwa Kifaransa cha mashine. Nikamweleza habari ya yule mama wa karo. Nilidhani hapo mtu yeyote angeshtuka. Akaniandikia: "Unapaswa kufurahi kwamba watu wanakupigia. Wateja wetu wengi hawapigiwi kabisa." Nikamwambia hawa si wateja, hawa ni watu wenye shida wanaodhani nina pesa zao. Akajibu kwamba kazi yao ni kuleta watu, wakifika ni juu yangu. Nikaomba manenosiri. Akasema hiyo ni huduma ya daraja la juu, niongeze dola 60. Kisha akauliza kama kweli Kongo kuna soko la programu. Akafunga gumzo kabla sijajibu.

Nimjibu hapa. Lipo. Lipo kwenye kila depo ya unga, kila duka la vipuri, kila mama mwenye daftari chini ya meza.

Sasa nataka kusema haki, maana sipendi kumsingizia mtu. Saraka moja ya Kifaransa kati ya zile 41 ilibeba maelezo yangu kama nilivyoyaandika, bila kuguswa. Kupitia hiyo, mwenye depo ya saruji wa mji wa Likasi alituona, akapiga, akaja mpaka Lubumbashi na kaye zake tatu, yaani madaftari, kwenye mfuko wa plastiki ili tumwingizie madeni yote. Analipa kila mwezi na hajawahi kuchelewa. Kwa hiyo siwezi kusema saraka hazifai. Saraka inafaa ikiwa mtu aliyetafuta daftari anakuta daftari. Kwa ajili ya yule baba wa Likasi nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, hata nilianza kuandika hivyo.

Lakini nikifungua orodha ya waliopiga... Mwanafunzi wa chuo. Mwendesha bodaboda aliyetaka kukomboa pikipiki yake. Mzee mmoja alinitumia picha ya kitambulisho chake, mbele na nyuma, bila mimi kumwomba, kwa sababu amezoea kuombwa. Niliifuta mara moja na kumwambia asimtumie mtu yeyote tena. Akanishukuru, akauliza sasa pesa zitaingia lini. Hapana. Siwapi nyota tatu. Siwapi hata moja.

Sasa tumeanza kusajili wenyewe, mdogo wangu na mimi, jioni moja saraka moja, kwa barua pepe yetu. Tumefika ya saba. Kila mahali sentensi ya kwanza, kwa lugha tatu, inasema hatukopeshi pesa. Ni aibu programu nzuri kujitambulisha kwa kile isichokuwa, lakini simu zimepungua.

Juzi wale watu wameniandikia kwamba watanirudishia dola 30 nikikubali kuyamaliza. Nimekataa. Hizo 120 wakae nazo zote. Ninachodai ni manenosiri 41, yaje leo, nikafute kwa mkono wangu lile neno mkopo.