Kabla Hujanunua Mashine ya Kukimbilia, Ione Kwanza Hii Baiskeli ya Sumaku

Habari zenu familia, karibuni tena. Komenti zimejaa swali moja: "Kaka, nataka kadio nyumbani, yaani mazoezi ya moyo na pumzi, nichukue mashine gani?" Jibu hili hapa mbele yenu. Baiskeli ya mazoezi! Lakini usitoke kwanza, maana si kila baiskeli. Nasema ya sumaku, na mtaona kwa nini imenikosha hivi.

Mambo ya skrini, kalori, kilomita, mnayajua, nayaruka. Kamera sogea hapa. Mnaliona gurudumu zito la mbele? Hiki kipande cha juu yake ndicho kimebeba sumaku. Nachukua karatasi ya daftari, naipitisha katikati… imepita! Haijakwama popote. Maana yake hakuna kinachogusana. Sasa nazungusha nobu hii nyekundu, sumaku inashuka, inalikaribia gurudumu. Nakanyaga. Nanyamaza msikie wenyewe.

Mmesikia nini? Pumzi zangu tu. Naongeza tena, mapaja yanawaka, huu sasa ni mlima kabisa, na kelele bado hakuna. Gurudumu likipita kwa kasi mbele ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya chuma chenyewe, na huo ndio unaolivuta lisiende. Jamani, hii kitu tamu!

Leteni ile nyingine. Hii ni ya pedi, na kuna muuzaji aliniapia kabisa kwamba ni ya sumaku. Nobu ni ileile, ila ukiikaza inakandamiza pedi juu ya gurudumu. Sikia hiyo, inakwaruza. Pedi inalika, inaacha vumbi, ikipata moto inanuka, halafu unaanza kuzunguka mji unatafuta ya kubadilisha. Kwa hiyo ukienda dukani, karatasi yako mfukoni. Ikikwama, shukuru, ondoka.

Wa mashine ya kukimbilia msinikasirikie, nami napenda kukimbia. Ila kwenye boksi wanaandika nguvu ya farasi kwa maandishi makubwa, na mara nyingi hiyo ni ya kilele, mota inaigusa kwa muda mfupi tu. Ulizia ile ambayo mota inaweza kuishikilia muda wote. Farasi mmoja ni wati 746, sasa mota ya farasi wawili na nusu piga mwenyewe hesabu ya LUKU. Umeme ukikatika, mkanda umesimama. Na ukikaa ghorofani, wa chini anahesabu kila hatua yako. Hii yangu skrini inakula betri za rimoti, basi.

Wengine mnaniuliza Concept2 ya kupiga makasia. Mashine ya maana sana ile, miguu, mgongo, mikono, vyote vinafanya kazi. Lakini ina urefu wa karibu mita 2 na nusu na inavuma kwa upepo. Sebule ya kupanga utaiweka wapi? Na baiskeli ya Peloton ni sumaku hiyohiyo, ila masomo yake unayalipia kila mwezi.

Kabla sijasahau, Jumamosi usiku tuko mubashara, leteni maswali ya kamba ya kuruka. Sabskraibu usipitwe.

Kitu kimoja kinaniudhi hapa: siti. Ngumu! Weka kava la jeli. Na ipandishe mpaka pedeli ikifika chini kabisa goti libaki limepinda kidogo; ukiiweka chini sana, magoti yatakusumbua.

Bei? Kariakoo bei ya kutajiwa siyo ya kulipa, bisheni. Hela ya mashine moja nzuri ya kukimbilia inakupa hii, mkeka na kamba, na chenji inabaki. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi nazimaliza juu ya hii siti huku naangalia taarifa ya habari, na mtoto amelala chumba cha pili hajashtuka.